Nimemaliza kitabu cha kwanza cha difarensho. Cha pili nichukue kipi?

Mwalimu wa Gungu, Kigoma

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Hisabati ya juu kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma, huu mwaka wa saba. Natafuta kitabu cha pili cha milinganyo ya difarensho, yaani inayoeleza kasi ya kitu kubadilika, ile ya kawaida yenye kigeu huru kimoja. Cha kwanza ninacho: Boyce na DiPrima, toleo la zamani, niliachiwa na mwalimu aliyehamishwa. Mgongo wake ulishaachia, nikaushona kwa uzi wa nyavu. (Msinicheke. Nilipopita stationery kuuliza bei ya kuchapa kitabu cha difarensho, kijana aliniuliza, "Difu ya Fuso au ya Canter?")

Kilichonifanya niandike ni dumu la mafuta ya kula.

Wiki iliyopita niliingia darasani na dumu la lita 20, lile jeupe linaloonyesha maji kwa nje. Nilikuwa nimelitoboa ubavuni, chini kabisa, kwa msumari wa moto, na kuchora mistari kwa kalamu ya wino mzito: sentimita 36 juu ya tundu, halafu 25, 16, 9, 4 na 1. Sikusema kwa nini nimechagua namba hizo. Binti mmoja akashika simu yangu kupima muda, mwenzake akachomoa kijiti. Kutoka 36 hadi 25: dakika 2 na sekunde 3. Kutoka 25 hadi 16: dakika 2 na sekunde 1. Kutoka 16 hadi 9: dakika 2 na sekunde 4. Tulipofika 9 kwenda 4 darasa zima lilikuwa linahesabu kwa sauti, na ikawa dakika 2 tena. Sentimita ya mwisho tu ndiyo iliyoleta uhuni, maji yakageuka matone. Jamani, sijawahi kushangiliwa darasani kama siku ile.

Basi nikaandika ubaoni sheria ya Torricelli: kimo cha maji kinashuka kwa kasi inayofuata kipeuo cha pili cha kimo chenyewe. Kwa tundu langu namba ya kuzidishia ilitokea kuwa karibu 1, kimo kikiwa kwa sentimita na muda kwa dakika. Tukatenganisha vigeu, tukapata h = (6 − t/2)². Dakika ya 12, sifuri. Safi kabisa.

Kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, weka t sawa na 18." Nikaweka. Sita toa tisa, hasi tatu, kwenye mraba, tisa. "Kwa hiyo dakika ya 18 dumu lina maji sentimita 9 tena?" Wakacheka. Nikasema fomula inaishia dakika ya 12. Akauliza, "Nani kaiambia iishie?"

Kabla sijajibu, yule binti aliyekuwa na simu naye akaja na lake. "Na mtu akiingia sasa hivi akakuta dumu tupu, anaweza kukokotoa lilianza kuvuja saa ngapi?" Nikasema hapana, hawezi. "Mbona zile nyingine zote ulituambia ukijua hali ya sasa unajua ya jana na ya kesho?" Kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele kiasi kile.

Shida yangu ndiyo hiyo. Kutenganisha vigeu najua, Laplace najua, mifululizo najua kwa jasho. Nisichojua ni lini ninaruhusiwa, na lini jibu nililopata ndilo pekee. Sitaki kitabu kingine cha mapishi. Nimesikia Tenenbaum na Pollard, Coddington, Arnold, Hirsch na Smale. Nina shilingi 60,000, na binamu yangu anakuja na treni kutoka Dar mwezi ujao, anaweza kubeba. Aljebra ya mstari yangu ni ya mwaka wa kwanza chuoni. Uchanganuzi halisi (real analysis) nilifaulu kwa neema ya Mungu.

Fundi Hesabu

Tenenbaum na Pollard, funga mjadala. Kitabu cha 1963, Dover wamekuwa wakikichapa tangu 1985 kwa bei ya chini, zaidi ya kurasa 800, na majibu yako papo hapo baada ya mazoezi. Mimi nimejifunza peke yangu bila mwalimu. Kila kitu kimo.

Mzee wa Kitete, Tabora

Mwalimu, salaam kutoka Tabora. Nimefundisha hesabu miaka 34, sasa nina mizinga ya nyuki na wajukuu, na muda wa kujibu kwa urefu.

Kwanza tuwatenganishe hao wanafunzi wako wawili, maana umewaweka kwenye kapu moja na maswali yao si ya ukoo mmoja.

Kijana wa nyuma amekunasa kwenye kosa la kawaida sana, wala halihitaji kitabu kipya. Kipeuo cha pili cha (6 − t/2)² si 6 − t/2. Ni 6 − t/2 bila ishara yake. Kabla ya dakika ya 12 hakuna tofauti. Baada ya hapo 6 − t/2 ni hasi, lakini kipeuo hakiwi hasi. Chukua h yako, tafuta kasi yake dakika ya 18: inapanda sentimita 3 kwa dakika. Mlinganyo unataka ishuke 3. Kwa hiyo fomula haijatii mlinganyo tangu dakika ya 12. Hakuna aliyeiambia iishie. Imeacha kuwa jibu yenyewe. Jibu halisi baada ya hapo ni sifuri, na sifuri inautii mlinganyo vizuri tu. Mrudishie huyo kijana, na umwambie ameuliza vema.

Binti ndiye aliyegonga mlango wa kitabu cha pili. Chora grafu za madumu yote: lililokauka saa nne, lililokauka saa nne na robo, la jana. Kila moja inateremka kama nusu ya bakuli, inagusa mstari wa sifuri, kisha inalala juu ya mstari huo milele. Zote zinakutana pale chini. Ukisimama kwenye sifuri ukatazama mbele, njia ni moja. Ukigeuka nyuma, njia hazihesabiki. Nadharia ya Picard na Lindelöf, ile inayokuahidi jibu moja tu, ina sharti: upande wa kulia wa mlinganyo usipande kwa ukali usio na kikomo ukisogeza h kidogo. Kipeuo cha pili kinalivunja sharti hilo kwenye sifuri hasa, kwa sababu grafu yake pale imesimama wima. Kwa kimo kingine chochote sharti linatimia, ndiyo maana madumu yenye maji hayakukupa taabu.

Sasa nikuulize, na unijibu kwa ukweli. Sehemu ile ya mwishoni mwa sura ya pili ya Boyce na DiPrima, inayozungumzia kuwepo kwa jibu na upekee wake, uliisoma? Sidhani. Kila mtu huiruka kwa sababu haitoki kwenye mtihani. Sura ya tisa, ya milinganyo isiyo ya mstari na uthabiti, nayo nadhani kurasa zake bado zina harufu ya kiwandani. Anzia huko. Ni bure, umeshaishona.

Kuhusu vitabu. Tenenbaum na Pollard ni kitabu kizuri, ila ni kitabu cha kwanza chenye tumbo kubwa. Nadharia hiyo ya upekee imo, lakini utaikuta mbali sana mwishoni, na kufika huko utapita mapishi mengi unayoyajua. Fundi Hesabu hajakosea kwa upande wake. Yeye kilikuwa cha kwanza.

Coddington kile chembamba cha 1961, ambacho Dover walikichapa upya 1989, ndicho ningekupa. Sura ya tano yote ni swali la binti yako, na haidai uchanganuzi mwingi zaidi ya huo uliofaulu kwa neema. Lakini tahadhari: kuna kingine cha Coddington akiwa na Levinson, cha 1955, na hicho ni mnyama mwingine kabisa. Mimi zamani niliagiza kwa jina la mwandishi tu, nikaletewa hicho. Nilisoma kurasa tisa. Kikakaa kabatini miaka minne, mke wangu akawa anakitumia kunyoosha vyeti vya watoto. Mwandikie binamu yako mwaka, na neno la kwanza la jina la kitabu liwe la "utangulizi", si "nadharia".

Arnold ni mapenzi. Wengine huolewa naye, wengine hukimbia siku ya kwanza. Hafundishi kutatua, anafundisha kuona. Mwanzoni kabisa kuna fumbo ambalo unaweza kujipima nalo bila kununua chochote. Tuseme kati ya Ujiji na Kigoma mjini kuna njia mbili zisizokatana. Magari mawili yamefungwa kwa kamba fupi kuliko mita 20, yakaenda pamoja kutoka Ujiji hadi mjini, kila moja njia yake, kamba haikukatika. Sasa ije mizigo miwili ya duara, kila mmoja nusu kipenyo mita 10, mmoja utoke Ujiji, mwingine utoke mjini, kila mmoja njia yake. Je, itapishana bila kugusana?

Chora mraba. Upande wa chini ni mahali ulipo kwenye njia ya kwanza, upande wa kusimama ni mahali kwenye njia ya pili. Safari ya magari ni mchoro kutoka kona moja hadi kona iliyo mkabala. Safari ya mizigo inaunganisha kona mbili zilizobaki. Michoro hiyo lazima ikatane, na inapokatana vitovu vya mizigo viko karibu kuliko mita 20. Itagusana tu. Hakuna hata mlinganyo mmoja ulioandikwa. Kama umetabasamu, Arnold ni wako, hata kama si mwaka huu. Kama umesema "sawa, lakini fomula iko wapi?", usipoteze nauli ya binamu.

Dada wa Mwaloni, Kibirizi

Shikamoo mzee. Mwalimu, pole na kengele.

Mimi si mwalimu, kazi yangu ni takwimu za samaki, na naona mmemsahau Strogatz. Kitabu cha 1994, kuna toleo jipya zaidi. Dumu lako limo humo, mazoezi ya sura ya pili, kama ndoo inayovuja, na swali ni lile lile la binti: ukikuta ndoo tupu, unaweza kujua ilijaa lini? Kwa hiyo binti yako yuko kwenye kampuni nzuri.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Unafundisha watoto wa Kigoma. Dagaa na migebuka wanawajua kuliko dumu. Mgebuka anamla dagaa, huo ndio mlinganyo wa mlaji na mliwa wenyewe, ambao Lotka aliuandika 1925 na Volterra 1926 bila kutegemeana. Volterra aliupata kwa sababu ya mkwewe, D'Ancona, mtaalamu wa samaki aliyeona kitu cha ajabu kwenye masoko ya bahari ya Adriatiki: miaka ya vita kuu ya kwanza, wavuvi walipopungua, sehemu ya papa na jamaa zao katika samaki walioletwa iliongezeka. Milinganyo ikamjibu. Ukivua wote wawili kwa uwiano, wastani wa mliwa unapanda na wa mlaji unashuka. Ukiacha kuvua, kinyume chake. Ziwa letu lilipofungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kila mwanafunzi wako alilisikia hilo mezani kwao. Utangulizi wa somo umeshaandikiwa.

Ila usije hapa mwaloni kuwatangazia wavuvi matokeo. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye dagaa wa aina mbili na wavuvi wanaopumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, haliingii kwenye milinganyo miwili. Ni la kuwafungulia watoto macho tu.

Ukitaka kitu kati ya Strogatz na Arnold, kuna Hirsch na Smale wa 1974, kinakufundisha aljebra ya mstari humo humo huku kinatembea. Toleo la 2004 wakiwa na Devaney limepunguza aljebra na kuongeza vurugu, namaanisha keosi.

Fundi Hesabu

Dada, Strogatz ni mtamu lakini hamthibitishii mtu chochote. Mwalimu ameomba "lini ninaruhusiwa". Humo atapata swali la ndoo, uthibitisho wa nadharia hatapata.

Dada wa Mwaloni, Kibirizi

Hilo nakubali. Nilisoma mwaka mzima bila kuthibitisha kitu na sikuumwa.

Mwanafunzi wa zamani, Dar

Kuna cha bure na halali: Gerald Teschl wa Chuo Kikuu cha Vienna, kilichapwa na Jumuiya ya Hisabati ya Marekani 2012, na mwandishi ameacha faili lake kwenye tovuti yake. Sura ya pili ndiyo hiyo mnayoizungumzia. Onyo: kinakimbia.

Mwalimu wa Gungu, Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Dada, Fundi, ndugu wa Dar, asanteni. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nasoma sehemu niliyoiruka. Ndiyo mzee, niliiruka. Harufu ya kiwandani uliyoisema ipo kweli.

Niliwaandikia ubaoni njia ya Picard, ya kulikaribia jibu hatua kwa hatua, kwa mlinganyo rahisi kabisa, kasi sawa na kimo, ukianzia 1. Kadirio la kwanza 1. Unaliingiza kwenye integro, unapata 1 + t. Unaingiza tena, 1 + t + t²/2. Tena, inaongezeka t³/6. Kijana wa nyuma ndiye aliyepiga kelele, "Huu si ndio mfululizo wa e kwa kipeo t?" Kisha akakaa kimya muda mrefu, kitu ambacho si kawaida yake. Na lile la ishara nilimrudishia. Alisema alijua kuna kitu, hakujua ni nini.

Faili la Teschl nilipakua. Kuchapa zima, kurasa 350 na zaidi kwa shilingi 100 kila moja, ni zaidi ya nusu ya pesa yangu, nikachapa sura ya pili peke yake. (Kijana wa stationery akasema, "Hii difu haina hata picha.") Nimekwama ukurasa wa nne. Anapita mbio kwenye mambo ya nafasi kamili za fankisheni (complete function spaces), nami nayajua kwa majina tu. Nimeiweka, sijaitupa.

Fumbo la njia mbili niliwapa darasa zima kama zoezi la nyumbani. Wawili wamechora mraba bila kudokezwa. Binti wa simu ni mmoja wao. Mwingine aliandika kwamba barabara ya Ujiji ni nyembamba, mizigo ya mita 20 ingezuiwa na trafiki kabla haijakutana. Nimempa nusu alama.

Coddington wa 1961 binamu kamleta, amemfunga kwenye kanga na pakiti mbili za korosho. Nimeanza sura ya tano moja kwa moja. Mzee, nimenasa hapa: ana kisanduku kuzunguka sehemu ya kuanzia, upana a kila upande na kimo b juu na chini, na M ni kikomo cha mteremko ndani ya kisanduku. Halafu anasema jibu lipo, lakini kwa muda usiozidi kile kilicho kidogo kati ya a na b/M. Mbona anaogopa? Kisanduku kina upana a wote, kwa nini asiutumie wote?

Mzee wa Kitete, Tabora

Marahaba mwanangu. Korosho umekula peke yako, nimeona.

Anaogopa kutoka nje. M anaijua kwa ndani ya kisanduku tu. Nje hajui lolote. Sasa fikiria mtu anatoka Mwanga kwa miguu kwenda Ujiji, na unachojua ni kwamba hazidi kilomita 5 kwa saa. Baada ya dakika 10 unaweza kuniapia hajafika kilomita moja. Hujui kama amesimama kwa muuza kahawa au amerudi alikosahau mwavuli, lakini kilomita moja hajafika. Jibu lako ni mtu huyo. Kasi yake haizidi M, kwa hiyo kutoka nje juu au chini, umbali b, kunamchukua si chini ya b/M. Hadi muda huo una hakika bado yumo ndani, na kila kadirio la Picard nalo limo ndani, kwa hiyo M bado inakulinda. Baada ya hapo labda yumo, labda hayumo, na wewe huna haki ya kuitumia M.

Akiwa bado yumo mwisho wa muda huo, unachora kisanduku kingine pale alipo na kuanza upya. Fanya hivyo kwa dumu lako kuanzia sentimita 36, kisanduku baada ya kisanduku, uone vinavyozidi kuwa vidogo kadiri unavyokaribia sifuri. Usiangalie mbele kwenye kitabu. Kisha niandikie vilikuwa vingapi.